Sauti ya Unguja, Mdundo wa Ubelgiji

Jua likizama Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ufukwe hubadilisha wenyewe. Mchana ulikuwa wa kinamama wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara katika kijiji hiki mwaka 1989, na wa vijana wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, kaskazi au kusi ikivuma. Usiku ni wa spika. Mdundo unaosikika sana ni haus na watoto wake, muziki uliozaliwa kwenye madisko ya Chicago katika miaka ya 1980: ngoma nzito inayokwenda nne kwa nne bila kuyumba, besi inayozunguka chini yake, na juu sauti ya mtu iliyokatwa vipande na kurudiwa mpaka inase sikioni. Siku hizi amapiano ya Afrika Kusini imeingia kwa nguvu, lakini mifupa ni ile ile.

Mmoja wa nyimbo zilizoupenyeza mdundo huo katika sebule za watu wa kawaida barani Ulaya uliimbwa na mtu aliyezaliwa upande wa pili wa kisiwa hiki hiki, mjini Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Wimbo ni "Living on My Own". Mwimbaji ni Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mashabiki wa bendi yake, Queen, huutaja wimbo huu kwa haraka wakielekea kwenye nyimbo kubwa zaidi. Wanaukosea haki. Historia yake inafundisha mengi kuhusu namna sauti inavyosafiri, na Zanzibar ina uzoefu wa safari hizo kuliko sehemu nyingi.

Queen hawakuanza kama watu wa mitambo. Majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 yalitangaza kwa fahari kwamba ndani hamkuwa na sinthesaiza hata moja. Kila sauti ya ajabu ilitoka kwenye gitaa, piano au koo. Msimamo huo ulivunjika mwaka 1980, walipotoa albamu ya The Game iliyorekodiwa Munich, Ujerumani, pamoja na mtayarishaji Reinhold Mack. Munich wakati huo ilikuwa mji wa disko, na Mercury aliupenda. Alipoamua kufanya albamu yake mwenyewe, alirudi huko huko kwa Mack. Albamu hiyo, Mr. Bad Guy, ilitoka Aprili 1985 ikiwa imejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine.

"Living on My Own" ulitolewa kama singo Septemba mwaka huo. Unaeleza upweke wa mtu anayeishi peke yake, lakini kwa mwendo wa kuchezeka, na katikati mwimbaji anaacha maneno kabisa na kuirusha sauti yake huku na huku, kama anavyofanya mpiga tarumbeta wa jazi. Halafu piano inajibu. Ni kazi ya mtu aliyekuwa akijifurahisha. Miezi miwili tu nyuma, tarehe 13 Julai 1985, alikuwa amesimama kwenye jukwaa la Live Aid katika uwanja wa Wembley na kuuteka umma mzima. Ungetegemea wanunuzi wapange foleni. Wimbo uliishia nafasi ya 50 katika chati ya Uingereza, ukasahaulika.

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa ugonjwa uliosababishwa na UKIMWI. Miaka miwili baadaye, timu ya watayarishaji kutoka Ubelgiji iliyojiita No More Brothers ikaufungua tena wimbo ule.

Inafaa kueleza walichofanya, kwa sababu wengi hudhani rimiksi ni kuongeza kasi na kelele. Wimbo wa studio haurekodiwi kama kitu kimoja. Sauti ya mwimbaji hukaa kwenye mstari wake wa utepe, ngoma kwenye mistari mingine, besi kwake, piano kwake. Mwenye kupewa utepe wa asili anaweza kuichomoa sauti peke yake, ikiwa na pumzi na mikwaruzo yake, kisha akaijengea nyumba mpya kutoka msingini. Wabelgiji hao waliiacha sauti ya Mercury, wakaziweka pembeni ngoma za 1985 zilizokuwa zikirukaruka, wakaweka chini mdundo wa haus ulionyooka na piano ya kugonga kwa makundi. Ule mchezo wake wa sauti zisizo na maneno, ambao mwanzo ulikuwa pambo la katikati, wakaukata na kuurudiarudia hadi ukawa ndio kitu ambacho msikilizaji anaondoka nacho.

Agosti 1993 wimbo ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki mbili. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kufika huko kwa jina lake mwenyewe, nje ya Queen. Ufaransa nako uliongoza kwa wiki nyingi. Video iliyotumika ilitokana na picha za sherehe ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka 39, iliyofanyika Munich mwaka 1985, wageni wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo mamilioni ya watu walioiangalia mwaka 1993 waliona umati ukicheza mdundo ambao, siku picha zilipopigwa, ulikuwa haujatungwa.

Wapo wanaosema rimiksi iliuharibu wimbo, hasa kwa sababu piano ya jazi ilipoteza nafasi yake. Hoja yao ina uzito, kwani piano ile ni nzuri. Lakini toleo la 1985 limejaa vitu vingi vinavyoshindana, na sauti inalazimika kupigania njia. Toleo la 1993 lina vitu vichache, na sauti ndiyo bwana. Upweke unaozungumzwa katika mashairi unasikika vizuri zaidi mwimbaji anapokuwa peke yake juu ya mashine isiyojali. Mwaka 2019 albamu nzima ilichanganywa upya na Justin Shirley-Smith na Joshua J Macrae kutoka kwenye tepu za asili, safari hii ili kila chombo kisikike wazi. Hivyo ndivyo wimbo ulivyopata uhai wa tatu.

Na Zanzibar je, ilikuwa wapi katika haya yote?

Bomi Bulsara, baba yake Mercury, alikuwa Mparsi kutoka Gujarati aliyeajiriwa kama keshia wa mahakama katika serikali ya wakoloni. Mtoto alipofika umri wa miaka minane alipelekwa kwa meli hadi India, kusoma shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, milimani kusini-mashariki mwa Bombay. Huko alijifunza piano, akaanzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, na wenzake wakaanza kumwita Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huo huo familia ikahamia Feltham, viungani mwa London. Kwa hesabu ya miaka, Zanzibar ilimlea utoto na miezi kadhaa ya ujana, basi.

Lakini njia ya meli kutoka Unguja hadi Bombay ilikuwa na historia ya muziki kabla yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alivuka bahari hiyo hiyo na wanamuziki wake kwenda kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, kwa sababu Unguja haikuwa na studio. Aliimba taarab kwa Kiswahili mbele ya chombo cha kunasia sauti, na santuri zikarudi kwa meli kuuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Zanzibar ikajisikia yenyewe kutoka ng'ambo, kupitia mikono na mitambo ya wengine. Siti alifariki Julai 1950, Farrokh akiwa na miaka mitatu, katika mji ule ule.

Baada yake nyimbo hazikukaa kimya. Wimbo wake wa "Kijiti", unaosimulia kesi ya mauaji iliyotikisa mji, umepita vinywa vingi, na aliyeubeba mbali zaidi ni mwimbaji Bi Kidude, aliyeusikia tangu zama za Siti mwenyewe. Katika taarab kuuchukua wimbo wa mkubwa wako na kuuvisha vyombo vya wakati wako ni adabu ya kawaida. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ya 1958 zilipanga nyimbo kwa fidla, ganuni na akodiani. Kufikia miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody viliweka kinanda cha umeme mahali pa safu nzima ya fidla, taarab ikawa rusha roho, na wazee wakalalamika kama mashabiki wa piano ya Mercury. Wanawake ukumbini hawakulalamika. Walisimama wakatunza.

Baadaye vijana wa Offside Trick, waliokuwa wakitengeneza mduara kwa kompyuta, walimwita Bi Kidude studioni na kumweka kwenye wimbo wa "Ahmada". Fikiria fundi aliyekaa mbele ya skrini akiilaza sauti ile yenye kutu na nguvu, sauti ya bibi aliyepiga msondo na kufunda wari maisha yake yote, juu ya biti ya kisasa. Hesabu ni ile ile ya No More Brothers: sauti ya zamani, nyumba mpya. Tofauti ni moja na ni kubwa. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwepo. Alisikia, alikubali, aliucheza mwenyewe. Mercury hakuwahi kujua kwamba wimbo wake ulishinda.

Visiwa vyenyewe vilichukua muda kumdai mtoto wao. Mwaka 2006, sherehe ya ufukweni iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO kuipinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Makumbusho yake ya Shangani yalifunguliwa Novemba 2019, mwaka ule ule Mr. Bad Guy ilipochanganywa upya. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote wa dini kuhusu maisha ya Mercury, na bado historia ya muziki ya Unguja inabaki na pengo akiachwa nje.

Paje ina sababu zake za kujali. Muziki wa mashine hula umeme, na umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya chini ya bahari; wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, ukatua Fumba, kijiji cha Siti. Umeme ulipokatika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Mahoteli ya pwani yaliwasha majenereta, na aliyekosa dizeli alikosa muziki. Waya mpya ulipofika mwaka 2013, usiku wa mashariki ya kisiwa uliweza kurefuka. Madijei wanaopiga huko leo, wenyeji na wageni, wana kwenye kompyuta zao kazi kutoka Johannesburg, Berlin na Ibiza. Sauti ya Siti ya mwaka 1928 nayo inapatikana. Ya Bi Kidude ipo, imerekodiwa vizuri, na watu wa Unguja wanaitambua kwa pumzi ya kwanza. Fundi atakayeomba ruhusa kwa wenye haki, akaitoa sauti hiyo na kuijengea mdundo wa kuchezwa mchangani, atakuwa anafanya walichofanya Wabelgiji, ila kwa lugha ambayo wapishi, wahudumu na walinzi wa baa hizo wanaielewa. Na rimiksi ya 1993 nayo ipigwe. Dijei akishaipiga, ashike kipaza sauti awaambie wanaocheza kwamba mwimbaji huyo alizaliwa hapa hapa Unguja.