Pudra ya talki na kansa: kesi dhidi ya Johnson & Johnson zimefikia wapi?

Toka zaidi ya miaka kumi, tribinali za Marekani zinasikiliza watu wanaosema walipata kansa kwa sababu ya pudra ya watoto ya kampuni Johnson & Johnson. Wengi wao ni wamama waliojipaka hiyo pudra miaka na miaka. Malalamiko yamepita 60.000. Kampuni inakataa: inasema pudra yake ni salama, haina amianti na haileti kansa.

Talki ni nini, na amianti inaingia wapi?

Talki ni jiwe laini sana. Inachimbwa, inasagwa, inakuwa unga unaonyonya jasho na maji. Ndiyo maana watu wanapaka watoto wakitoka kuoga, na watu wazima wanajipaka makwapani, mapajani, hata sehemu za siri.

Shida ni kwamba ndani ya udongo, talki na amianti zinaweza kukaa pamoja. Amianti ni jiwe lenye nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta zinabaki mwilini, na kansa inaweza kujitokeza nyuma ya miaka 20, 30, hata 40. Inayojulikana zaidi ni mezotelioma, inayoshika ngozi nyembamba inayofunika mapafu au tumbo. Lakini katika kesi hizi, wamama wengi wanalalamikia kansa ya ovari, pale mayai ya mwanamuke yanapotokea.

Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya OMS na lenye makao Lyon, Ufaransa, linasema wazi kwamba talki yenye amianti inaleta kansa. Mwaka 2024 liliweka talki yenyewe katika kundi la vitu ambavyo inawezekana sana vinaleta kansa. Juu ya ovari, watafiti hawajapatana wote.

Mlalamikaji anapaswa kuonyesha nini?

Mambo matatu: kwamba alitumia ile pudra, kwamba ndiyo ilimletea ugonjwa, na kwamba kampuni ilijua hatari ikanyamaza.

La pili ni gumu. Wako wamama wengi waliojipaka pudra bila kuugua, na wako waliougua bila kujipaka hata siku moja. Hapo kila upande unaleta wataalamu wake.

La tatu linategemea karatasi. Mwezi wa 12 mwaka 2018, shirika la habari Reuters lilitoa uchunguzi uliotegemea karatasi za kampuni yenyewe. Ulionyesha kwamba kati ya 1971 na mwanzo wa miaka ya 2000, vipimo vilikuta mara na mara amianti kidogo ndani ya talki, na raia hawakuambiwa. Kampuni ilisema uchunguzi huo si wa kweli. Mwaka 2019, serikali ya Marekani ilikuta amianti ndani ya chupa moja, na kampuni ikarudisha chupa karibu 33.000 kutoka sokoni. Baadaye ikasema vipimo vyake havikukuta kitu.

Kushinda si kulipwa

Mwaka 2016, tribinali ya St. Louis, katika jimbo la Missouri, iliamuru jamaa ya mama mmoja aliyekufa kwa kansa ya ovari ilipwe dolari milioni 72. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilivunja hukumu: marehemu alikuwa mkaaji wa Alabama, kwa hiyo kesi haikupaswa kusikilizwa Missouri.

Mwaka 2018, katika muji huohuo, wanawake 22 walipewa dolari miliari 4,69. Sita kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Rufaa ilipunguza mpaka karibu miliari 2,1. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuingilia, na kampuni ikalipa.

Mwaka huohuo kampuni ilijaribu njia nyingine: iliunda kampuni ndogo, ikaitupia madeni yote ya talki, kisha hiyo ndogo ikajitangaza kuwa imefilisika. Lengo lilikuwa kufunga malalamiko yote kwa mara moja. Ilijaribu mara tatu, na mara tatu majaji walikataa. Mara mbili za kwanza walisema haikuwa kweli katika shida ya pesa. Mara ya tatu, mwezi wa 3 mwaka 2025, jaji wa Houston alikuta kasoro katika kura ya walalamikaji. Sasa kesi zimerudi kusikilizwa tribinalini. Mwezi wa 10 mwaka 2025, watu karibu 3.000 walianzisha kesi yao London, Uingereza.

Na huku kwetu?

Kampuni iliacha kuuza pudra ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023. Sasa inatumia unga wa mahindi. Lakini talki bado iko katika pudra za kampuni nyingine. Soma nyuma ya chupa: «talc» ni talki, «amidon de maïs» ni mahindi.

Sheria ya Congo pia inampa aliyeumizwa haki ya kudai. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha kode sivile kinasema anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Kwa hiyo chupa, risiti na karatasi za hospitali visitupwe. Ugonjwa ukijitokeza nyuma ya miaka 30, hivyo ndivyo vitakavyosema mbele ya jaji.