Moto wa Metali katika Mji wa Reli

Kamina, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliokuzwa na reli. Mwaka 1928 njia ya kampuni ya reli ya BCK iliyotoka Bukama ilipita hapo ikifika Port-Francqui, Ilebo ya leo; mwaka 1956 likaja tawi la kwenda Kabalo. Kati ya miaka hiyo Wabelgiji walijenga nje ya mji kambi kubwa ya kijeshi, marubani wakafunzwa humo kwa ndege za Harvard. Karakana za reli na za ndege huzoeana na metali zinazowaka. Ndege nyingi za zama zile zilikuwa na vipande vya magnesiamu, na mafundi reli wa nchi nyingi huunga reli kwa themiti, mchanganyiko wa alumini na oksidi ya chuma ambao Hans Goldschmidt wa Ujerumani aliupatia hataza mwaka 1895. Wengi huisimulia historia ya kuuzima moto wa metali kama safari ya kutoka ndoo ya mchanga hadi mtungi wa kisasa. Naona ushahidi unasema jambo jingine: kila dawa ilibuniwa kwa metali yake, na mtungi wa kufaa kila moto haujapata kuwepo.

Magnesiamu inayowaka huyanyang'anya maji oksijeni na kuachia haidrojeni, nayo hulipuka. Hata ndani ya kaboni dayoksaidi huendelea kuwaka, ikibakiza masizi. Themiti ni kaidi zaidi, maana imebeba oksijeni yake. Fundi huiacha imalize, chuma kilichoyeyuka kikishuka kutoka chunguni hadi kwenye pengo la reli, yeye akichunga tu pasiwe na unyevu karibu. Kwa magnesiamu ikapatikana poda ya chumvi, ile ile ya mezani, yenye viambato vinavyoisaidia kufanya gamba juu ya moto. Kwa lithiamu, jeshi la majini la Marekani likatumia unga wa shaba, ambao huungana na lithiamu na kuipunguzia joto. Shaba, zao kuu la Katanga, eneo lenye Kamina!

Mtu atasema treni za Kamina hubeba shaba na kobalti, vitu visivyowaka. Kweli, bamba la shaba haliwaki, wala mawe ya lithiamu ya Manono, mji mwingine wa Katanga. Hatari imo karakanani, katika vumbi la alumini na vinyoleo vya magnesiamu. Mwingine atasema mchanga ni wa bure. Lakini mchanga uliolowa msimu wa mvua hupeleka maji motoni, na hata ulio mkavu, magnesiamu yenye joto kali huipokonya silika yake oksijeni. Chumvi haina kasoro hiyo. Yake ni kunyonya unyevu, na dawa ya hilo ni pipa lenye kifuniko kinachobana.