Kibodi iliyonyamaza Makuyuni

Nilikuwa Makuyuni, kule Korogwe, kwa mjomba wangu. Mjomba ana duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua, na siku hizo foleni ilikuwa ya vijana wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta ya duka ikagoma kuwaka vizuri. Mimi kwa sababu naishi mjini na naandika habari, basi ati ni fundi. Nikatoa diski ya zamani ambayo mjomba huihifadhi kama hati ya shamba, nikaanza kuweka mfumo endeshi upya.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Nikabonyeza Delete, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Nikaagiza mashine ianzie kwenye diski, ikatii. Kisha ukaja ukurasa wa kuchagua lugha, na hapo kibodi ikafa. Nikabonyeza Enter, kimya. Nikabonyeza Num Lock, taa haikubadilika. Kipanya nacho kikalala.

"Mpwa, umeiua mashine?" mjomba akauliza. Vijana wanne walikuwa mlangoni, na mmoja wao alikuwa na siku mbili tu kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Kibodi ilikuwa nzima. Ilichokosa ni mtu wa kuisikiliza, na kisa chake ni kirefu kuliko duka la mjomba.

IBM walipotoa kompyuta yao binafsi mwaka 1981, kibodi ilipewa heshima kubwa. Ndani ya mashine ile kuna kitu kama kengele za milango: kifaa kikiwa na neno, kinapiga kengele yake na kichakataji kinaacha kazi kumsikiliza. Kengele namba 0 ni ya saa. Namba 1 ni ya kibodi. Yaani baada ya saa yenyewe, anayefuata kwa cheo ni wewe unayebonyeza. Mwaka 1987 IBM hao hao wakaleta PS/2, plagi ndogo ya duara yenye pini 6, lakini utaratibu wa kengele ukabaki ule ule. Mifumo endeshi ya kompyuta za ukoo huo iliyokuja baadaye ilizaliwa inajua njia hiyo.

Januari 1996 ikaja USB. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na matundu ya zamani ya kibodi, na dunia ikafuata. Watu waliona plagi mpya tu, kumbe tabia nzima imebadilika. Kibodi ya USB haipigi kengele. Inakaa kimya hadi iulizwe: una neno? Inaulizwa hivyo mara nyingi katika kila sekunde, na sisi tunadhani tunasema wenyewe. Asipokuwepo wa kuuliza, hata ukibonyeza kwa ngumi hakuna kitu.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka mkalimani katika programu ya kuwashia mashine, ile BIOS. Anaiuliza kibodi ya USB, kisha anajifanya ni kibodi ya zamani inayopiga kengele. Mkalimani huyu ndiye aliyenifungulia ukurasa wa mipangilio. Mfumo endeshi unapoanza kazi, mara nyingi yeye anaaga na kuacha mfumo uulize mwenyewe kwa madereva yake. Usipokuwa na madereva ya njia hiyo, kunakuwa na ukimya kama ule wa Makuyuni.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 2015. Intel walipotoa vichakataji vya kizazi cha sita, chipseti zilizoambatana navyo ziliacha kidhibiti cha USB 2.0, matundu yote yakapitia kidhibiti cha USB 3.0. Diski ya Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, haikuwa na madereva ya njia hiyo. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuwa nayo. Basi watu duniani kote wakakwama kwenye ukurasa wa kwanza, na watengenezaji wa ubao mama wakalazimika kutoa vifaa vya kuchomeka madereva ndani ya diski ya usakinishaji.

Sasa kwa nini sisi huku tunakutana na ukimya huu mara kwa mara? Nadhani jibu liko kwenye historia yetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, baada ya jaribio la kuweka hesabu zake kwenye kompyuta kwenda mrama. IBM PC ilipozaliwa, sisi tulikuwa bado na marufuku yale. Kwa hiyo tuliingia sinema ikiwa katikati. Tumepokea mashine za vizazi vyote kwa mkupuo: mtumba wa ofisi za Ulaya, mpya za Dar, na diski iliyonakiliwa mara kumi. Ujerumani mashine na diski huzeeka pamoja. Dukani kwa mjomba mashine ilikuwa changa kuliko diski kwa miaka mingi, na hakuna aliyejua.

(Hata jina la kitu chenyewe hatukukubaliana. Wako waliosema kicharazio, wako waliosema baobonye. Fundi akasema kibodi, tukalala.)

Nyuma ya mashine ya mjomba, kati ya matundu ya bluu, niliona tundu moja la duara. Mashine nyingi za mezani za miaka ile bado zinalo. Nikakimbilia shule ya jirani, mwalimu akafungua stoo, na chini ya madaftari tukapata kibodi nzito, ya njano kwa uzee, yenye plagi ya duara. Nikazima mashine kwanza, maana PS/2 haikuundwa kuchomekwa umeme ukiwa umewaka. Nikawasha. Num Lock ikawaka, nikabonyeza ikazima. Enter ikaitika.

Usakinishaji ulipokwisha nikaweka madereva kutoka diski ya ubao mama, na kibodi ya USB ikazinduka. Nilimwambia mjomba kwamba mfumo wa zamani usiopata tena masahihisho ya usalama si wa kujazia taarifa za watoto wa watu, akaahidi kununua mpya akiuza mahindi. Yule kijana wa siku mbili alituma maombi yake jioni ile ile.

Kibodi ya shule haijarudishwa. Mjomba anasema mwalimu hajaiulizia.