Kupanda Kirungu asubuhi, kushuka jioni

Mgeni anayeshuka boti pale Moba-Port anaona kwanza soko, ndakala walioanikwa, na vijana wakigombea mizigo. Lakini mji wenye historia hauko pale chini. Uko juu, Kirungu, milima ya Marungu inapoanza, na mwenye miguu mizuri anapanda asubuhi na kushuka jioni. Ndivyo tulivyofanya mimi na mtoto wa dada yangu, anayesoma Lubumbashi na hakuwa amefika bado kwa babu zake.

Njiani akaniuliza: "Mjomba, zamani paliitwa nani?" Nikamjibu: Baudouinville. Mapadri Weupe walianzisha misioni hiyo mwaka 1893, wakaipa jina la Baudouin, mtoto wa ndugu yake Leopold wa Pili, aliyefariki 1891 akiwa kijana. Hakuona hata siku moja ziwa Tanganyika. Baada ya uhuru jina lile likaondolewa.

Kathedrale ya matofali inaonekana mapema, na mgeni anaenda moja kwa moja huko. Ni haki yake. Hapo Monsenyeri Victor Roelens aliongoza kazi kwa miaka mingi, na hapo akafariki mwaka 1947. Hapo tena, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipewa upadri, Mkongomani wa kwanza wa wakati wetu kupata daraja hiyo. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya mawazo ya Wabantu, wakati ambapo wazungu wengi walidhani Mwafrika hana mawazo ya kuandikwa.

Lakini kijana wangu hakutazama mnara. Alitazama matofali. "Nani alichoma haya yote?" Swali zuri, na vitabu vya misioni vinalipitia haraka. Katika vijiji vya misioni waliishi watu wengi waliokombolewa mikononi mwa wauza-watumwa, wengine wakiwa wadogo sana wasijue tena kijiji walikotoka. Misioni iliwalea, ikawaozesha, ikawapa mashamba. Lakini pia iliwafanyisha kazi na kuwachunga. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mzee mmoja, aliyekaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, alituambia vile vile kwa namna yake: "Bibi yangu hakujua kabila yake. Alijua tu kama alifika na kamba mu shingo. Njo maana siye hapa tunasema Kiswahili nyumbani." Alikuwa anacheka, lakini kijana hakucheka.

Ulinzi wa misioni wakati ule ulikuwa kwa kapteni Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Papa, aliyefika kukaa mwaka 1887. Alimwoa mwanamke wa huku, Agnes, akabaki hadi kifo chake mwaka 1927.

Ila historia haikuanza na mapadri. Kaskazini, kandoni mwa ziwa, iko Mpala, kituo alichoweka Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mfalme wa Watabwa Lusinga, ambaye naye aliuza watu, hakutaka kumtii. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walivamia kijiji chake, wakamwua, wakamkata kichwa. Mwaka uliofuata Storms aliwaachia Mapadri Weupe kituo, yeye akarudi Ubelgiji na mafuvu matatu, la Lusinga likiwamo, tena na sanamu ya mti ya mababu zake. Brussels walimjengea sanamu ya heshima, na mwaka 2022 ikaondolewa uwanjani. Nilipomwambia mzee habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kichwa? Kimerudi?"

Nilimwambia nilichojua: mafuvu yale yaliwekwa katika majumba ya elimu kule Brussels, na watu wameanza kuyadai. Mzee hakuongeza neno. Alimwita mjukuu atuletee maji.

Tulishuka jua likiwa limegusa ziwa. Kule kwenye mteremko wa mwisho kijana alinisimamisha, akaniomba nimtajie upya jina la Lusinga, naye akaliandika katika telefone yake. Kisha akaniuliza jina la bibi wa mzee. Hatukuwa tumeuliza.