Fizikia ya Mzamiaji: Kutoka Pampu ya Baiskeli hadi Barabara ya Nachingwea

Nachingwea na Ruangwa hazina pwani. Lakini fizikia inayomlinda mzamiaji huweza kuonyeshwa huko kwa pampu ya baiskeli: ziba tundu lake kwa kidole, sukuma, usikie hewa ikijibana na kukurudisha mkono. Robert Boyle aliichapisha kanuni hiyo, kwamba hewa hujibana kanieneo ikiongezeka na hutanuka ikipungua, mwaka 1662. Mzamiaji akiwa meta 10 chini, kanieneo ni maradufu ya ile ya juu ya maji. Meta 30, ni mara nne. Akijaza mapafu kwa hewa ya mtungi kwenye meta 10, kisha akapanda huku amebana pumzi, hewa hiyo hutanuka, na mapafu yanaweza kupasuka.

Hatari ya pili ni ya polepole. Naitrojeni huyeyuka mwilini chini ya maji, na mtu akiibuka haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. John Scott Haldane aliwajaribu mbuzi, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo.

Baada ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan kuunda kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943, raia nao walitaka kujifunza. Kozi za mwanzo zilifuata mtindo wa wanamaji: hesabu nyingi, majedwali mengi. PADI, chama cha wakufunzi wa kuzamia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, kilichangia kuzifupisha, na miaka ya 1980 kompyuta za kuzamia zikachukua hesabu zilizobaki. Kupunguza hesabu kulikuwa sawa, kwani kuliwafungulia wengi bahari. Kosa ni kuiondoa pamoja nazo sababu.

Mfikirie aliyezamia siku nzima Ghuba ya Mnazi, Mtwara, kisha jioni akapanda gari kwenda Nachingwea. Mji huo uko zaidi ya meta 400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 5: kwa mwili wake, ni kama bado anaibuka. Akizungukia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, atapita meta 600. Jedwali la jeshi la majini la Marekani huanza kuhesabu saa za kungoja kabla ya kupanda mwinuko kuanzia futi 1,000, yaani meta 305. Kwa mbizi moja fupi pengine hana la kungoja. Kwa mbizi ndefu zilizorudiwa, saa huhesabiwa kabla ya kuwasha gari, na kompyuta aliyoivaa haijui kwamba njia yake inapita Newala.