Sampuli za wagonjwa wa saratani: Hazina ya utafiti inayohitaji idhini

KIPANDE cha nyama kinachokatwa kwenye uvimbe wa mgonjwa wa saratani huwa na manufaa mawili. Kwanza, humwezesha daktari kutambua aina ya ugonjwa na kuamua tiba ifaayo. Kisha, kikiwa kimegandishwa ndani ya nta, huwekwa maabarani, ambako, pamoja na faili ya mgonjwa, kinaweza kuwafaa watafiti miaka mingi baadaye.

Afrika Mashariki ina mfano bora wa manufaa hayo. Mnamo 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alimhudumia mtoto aliyevimba taya zote mbili. Alipopekua rekodi za hospitali, aligundua kuwa watoto wengine wengi walikuwa wameugua vivyo hivyo, na mwaka 1958 akachapisha matokeo yake. Aidha, alituma hojaji kwa hospitali mbalimbali barani, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 kuwahoji madaktari. Ilibainika kuwa maradhi hayo yaliandama maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria.

Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na sampuli hizo. Virusi vya Epstein-Barr vikawa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, je, virusi hutangulia saratani au huifuata? Kati ya 1972 na 1974, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile, Uganda, wakaihifadhi katika baridi kali. Baadhi yao walipopatwa na saratani hiyo, damu iliyotolewa walipokuwa wangali wazima ilipimwa. Matokeo yaliyochapishwa 1978 yalionyesha kuwa walikuwa na kingamwili nyingi za virusi hivyo muda mrefu kabla ya kuugua. Jibu hilo lisingalipatikana bila sampuli zilizohifadhiwa.

Fauka ya manufaa hayo, ipo historia chungu. Mwaka 1951, madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walichukua seli za Henrietta Lacks, mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, bila kumwomba ruhusa. Aliaga dunia mwaka huo huo, lakini seli zake, almaarufu HeLa, ziliendelea kuzaana na kusaidia hata katika utafiti wa chanjo ya polio. Familia yake haikujua lolote hadi miaka ya 1970, ilhali makampuni yalizifanyia biashara. Mwaka 2023 familia hiyo ilifikia mapatano na kampuni moja iliyokuwa imeishtaki.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inataka data za utafiti zisichapishwe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Aidha, utafiti hupaswa kuidhinishwa na kamati ya maadili na kupata leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI.

Hata hivyo, kufuta jina pekee hakutoshi. Mtu mwenye saratani adimu katika kijiji kidogo anaweza kutambuliwa kwa umri na makao yake tu. Isitoshe, jeni humhusu si mgonjwa peke yake bali pia wazazi, ndugu na watoto wake.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Itapelekwa ng'ambo? Itatumika katika utafiti mmoja au mwingi? Matokeo yakimhusu, ataarifiwa? Akibadili nia, atajiondoa vipi?

Maelezo hayo hupaswa kutolewa kwa lugha anayoielewa. Akikataa, matibabu yake hayafai kuathiriwa kwa vyovyote.