Wahamiaji wa Kwa Vonza na Hesabu ya Agosti

Dai kwamba huduma hufuata watu limepata wafuasi wengi katika taaluma ya mipango. Wanafunzi wa François Perroux, mwanauchumi Mfaransa wa miaka ya 1950, hulisukuma mbali zaidi: jenga taasisi kubwa mahali palipo nyuma, na soko, maji na zahanati vitajileta. Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, panalikanusha.

Pana jamii mbili za wahamiaji hapo. Moja ni Kijiji cha Nyumbani, wazo la kasisi Mjesuiti Angelo D'Agostino, ambako yatima wa UKIMWI hulelewa na wazee waliofiwa na wanao. Serikali ya mtaa ilitoa ekari 1,000; shule na zahanati zikaletwa na wafadhili. Nyingine ni wanafunzi. Chuo cha kilimo cha Ukambani kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2008, kisha Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya mwaka 2013. Serikali ilileta chuo; vyumba vya nje ya lango vikaachiwa wenye ploti.

Umaskini wa kaunti hautoshi kueleza kwa nini huduma hazikuwafuata watu hapo. Tatizo liko kwenye hesabu. Sensa ya 2019 ilimhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na Kitui ikapata watu 1,136,187. Mwanafunzi aliyekuwa kwao Kakamega usiku huo ni mtu wa Kakamega kitakwimu, hata kama sehemu kubwa ya mwaka alikunywa maji, akaugua na kutupa taka Kwa Vonza. Fomula ya tatu ya mgawo wa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18. Usiku mmoja ukaamua fedha za miaka. Kwa kaunti nzima pengo huenda likawa dogo. Kwa wadi inayobishania upanuzi wa zahanati, ni kubwa.

Wapinzani husema wanafunzi ni wapita njia. Mtu hupita, ndiyo, lakini kitanda chake hupata mwingine muhula unaofuata.

Kuhusu huduma kwa wahamiaji, mji wa Siler City, North Carolina, Marekani, unafundisha zaidi. Viwanda vya kuku viliwavuta Walatino huko, na mwaka 1999 kiongozi wa kaunti aliwaandikia maafisa wa uhamiaji akiomba wasio na hati waondolewe. Watoto wao hawakufukuzwa darasani: hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, ya 1982, ilikwisha kulikataza hilo. Sheria ndiyo iliyoifungua shule.

Kenya nayo ina sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 39, humruhusu raia kuishi popote nchini, na cha 43 humpa kila mtu haki ya afya na maji safi. Kitui haina haja ya kusubiri sensa ya 2029, maana chuo kina daftari la usajili na kijiji kinawajua wakazi wake. Mpango wa wadi unaoandikwa bila kumbukumbu hizo unavunja Kifungu cha 43, na mahakama iombwe kusema hivyo.